"YEYE" NI NANI? MANENO MADOGO YA KIINGEREZA YANAYOWEZA KUGEUZA USHUHUDA



Ndugu zetu wengi waliotoka Kivu, Ituri na Tanganyika wanaishi leo Uganda au Zambia, ambako ofisi hutumia Kiingereza. Nchini Burundi pia Kiingereza kilifanywa lugha rasmi mwaka 2014. Kwa hiyo tunaeleza hapa viwakilishi na majina, kwa sababu kosa dogo linaweza kuharibu faili ya jamaa nzima.

1. Yeye

Kiswahili hakitenganishi mwanaume na mwanamke. "Yeye aliuawa" yatosha kwa wote wawili. Kiingereza kinatenganisha: "he" ni mwanaume, "she" ni mwanamke. Mama akisema "he was killed" huku akimaanisha dada yake, karani ataandika kwamba aliyekufa ni mwanaume, pengine mume wake. Siku mume akijitokeza, ataulizwa maswali magumu.

Waliosoma Kifaransa wanajua "il" na "elle". Lakini waangalie: kwa Kifaransa hata meza ni ya kike. Kwa Kiingereza meza, nyumba na shamba vyote ni "it".

Tena, Kifaransa hufuata kitu kinachomilikiwa: "sa maison" ni nyumba yake, awe mwanaume au mwanamke. Kiingereza hufuata mwenye kitu: "his house" ni nyumba ya mwanaume, "her house" ni ya mwanamke.

2. Wewe na ninyi

Kiingereza kina "you" moja tu. Katika kikao cha kusuluhisha ugomvi wa shamba, "you took the land" yaweza kumaanisha mtu mmoja, au ukoo wake wote. Wazee, msiache neno hilo likining'inia. Semeni "you, the father of this house", au "all of you".

3. Wao

"They" husimama kwa watu na kwa vitu pia. Hatari yake ni kubwa zaidi tunaposimulia vita. "They burned our village": akina nani? Msikilizaji atajaza mwenyewe, na mara nyingi atajaza jina la kabila zima. Anza kwa jina: "armed men", yaani watu wenye silaha. Baadaye ndipo useme "they". Hivyo jirani asiye na kosa hatabebeshwa kosa la wengine.

4. Majina: mmoja na wengi

Kwetu neno hubadilika mwanzoni: mtoto, watoto. Kwa Kiingereza hubadilika mwishoni, kwa kuongeza "s": "house, houses". Machache hayafuati njia hiyo: "child, children", "man, men", "woman, women", "person, people". Ukisema "my child" wakati una watoto watano, mmoja tu ndiye anaweza kuandikwa.

5. Majina ya jamaa

Hapa ndipo wengi hukwama. Mama mdogo ni mama kwetu, lakini ukimwita "mother" utaonekana una mama wawili. Sema "my mother's younger sister" au "aunt". Shangazi naye ni "aunt". Mjomba, baba mdogo na baba mkubwa wote huitwa "uncle", basi ongeza: wa upande wa mama au wa baba? Mtoto wa baba mdogo ni "cousin", si "brother". Kumwita hivyo hakuvunji undugu wenu; ni kuandika tu kama ofisi inavyoelewa.

Mwisho

Usione haya kuomba mkalimani, hata kama unajua Kiingereza kidogo. Kabla ya kutia sahihi, omba usomewe maneno yako kwa Kiswahili. Ukisikia kosa, litaje palepale, kwa upole.

Viongozi, tunawaomba msome ukurasa huu kwa sauti kwa wale wasiojua kusoma. Kisha kila mmoja afanye zoezi: ataje watu wa nyumba yake mmoja mmoja, na kwa kila mtu aseme "he" au "she".