Je, Wajua? Mbwa Mkia Mdomo, Chupa Inayopiga Mluzi

Je, wajua kwamba kabla ya Columbus kutia nanga mwaka 1492, wafinyanzi wa Amerika hawakutumia gurudumu la mfinyanzi? Ilikuwa mikono, kalibu na kokoto ya kusugulia. Basi.

Je, wajua kwamba huko Colima, magharibi mwa Meksiko, wafu walizikwa pamoja na mbwa wa udongo? Kaburi lilichimbwa wima kama kisima, chini yake chumba. Mbwa hao wana umri wa miaka 2,000 hivi: wekundu, wanene, wanang'aa, tumbo wazi ndani, na mdomo wa chombo umetokeza mkiani au kichwani. Unene wao haukuwa mzaha, kwani mbwa walinenepeshwa wakaliwa. Ila karne nyingi baadaye Waazteki waliamini kuwa mbwa ndiye humvusha marehemu mto wa kuzimu, na wataalamu wengi huwatazama mbwa wa Colima kwa jicho hilo. Kitoweo kisha kiongozi wa safari! Wapo hata waliovishwa barakoa yenye uso wa mtu.

Je, wajua kwamba kuna chupa inayopiga mluzi bila kupulizwa? Wafinyanzi wa kale wa Ekwado na Peru waliunganisha matumbo mawili kwa mrija. Ukiiinamisha, maji huhamia tumbo la pili na kuisukuma hewa ipite kwenye filimbi iliyofichwa, mara nyingi kichwani mwa ndege au nyani. Kwangu mimi, hao ni mafundi kuliko wote.

Je, wajua kwamba Wamoche wa pwani ya kaskazini ya Peru (takriban mwaka 100 hadi 800) walifinyanga bundi, mbweha, kaa, chura, hata simba wa bahari? Kalibu ilikuwa ya vipande viwili. Jumba la Makumbusho la Larco mjini Lima, lililoanzishwa mwaka 1926, huwaruhusu wageni kuingia hadi stoo ya vyombo hivyo.

Je, wajua kwamba weusi wa vyombo vya Wachimú, waliokuja baada ya Wamoche kwenye pwani hiyo hiyo, si rangi? Moto ulinyimwa hewa, moshi ukafanya kazi.

Je, wajua kwamba lama, aliyefinyangwa sana Peru, ni wa ukoo wa ngamia, na kwamba ukoo huo ulianzia Amerika Kaskazini? Ngamia wa Garissa ana binamu milimani Andes.

Na bata mzinga wa sikukuu? Naye kwao Meksiko, na naye alifinyangwa chombo.