Usitupe karatasi ya kaki, itakupa bakuli la mapambo

Je, msomaji, hufanya nini na karatasi za kaki zinazobaki nyumbani? Nyingi huishia jikoni kuwashia makaa au hutupwa kwenye pipa la taka. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku hapa Kenya mnamo Agosti 28, 2017, mifuko ya karatasi imezidi kuonekana madukani. Ongeza majalada ya vitabu vya watoto yaliyochakaa, nawe una mali ghafi ya bure.

Kwa mzazi ambaye kila muhula anaombwa vifaa vya kazi za sanaa shuleni, jambo hili si dogo. Na kwa mwanafunzi aliye likizoni, ni ujuzi unaoweza kumpa shilingi mbili tatu za halali.

Karatasi ya kaki ina nguvu kuliko gazeti. Gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na nyuzi zake huwa fupi na dhaifu. Kaki hutokana na mbao zilizopikwa kwa kemikali, mbinu iliyobuniwa na Mjerumani Carl Dahl mnamo 1879, na nyuzi zake hubaki ndefu. Ndiyo sababu hata saruji hutiwa katika mifuko ya aina hii. Hata hivyo, mfuko wa saruji usiutumie, kwa kuwa vumbi lake hudhuru ngozi na mapafu.

Vifaa

Tafuta karatasi za kaki, unga wa ngano, chumvi, mafuta ya kupikia, msasa laini, burashi, rangi nyeupe ya maji ya ukutani, rangi nyingine uzipendazo, na vanishi. Utahitaji pia bakuli la kutumia kama kalibu. Chagua lililo pana mdomoni, la sivyo kazi yako haitatoka.

Namna ya kutengeneza

Kwanza pika gundi. Koroga kikombe kimoja cha unga katika kikombe kimoja cha maji baridi hadi mabuje yaishe. Mimina katika vikombe vitatu vya maji yanayochemka, tia kijiko kikubwa cha chumvi ili kuzuia kuvu, kisha koroga kwa dakika tano hivi. Gundi ikiwa kama uji mzito, epua ipoe. Pika ya kutosha siku hiyo tu, maana huchacha.

Rarua karatasi vipande vyembamba kwa mkono. Usitumie makasi: ukingo ulioraruliwa hulala vizuri na hauachi alama. Viloweke majini kwa dakika kumi, kisha vikamue.

Pindua bakuli, lipake mafuta upande wa nje, na ulifunike kwa vipande vilivyolowa maji tu, bila gundi. Tabaka hili ndilo litakalokusaidia kulitoa baadaye. Sasa paka gundi na ubandike tabaka la pili, vipande vikienda upande mwingine. Sukuma hewa itoke kwa vidole.

Hapa ndipo wengi hukosea kwa haraka. Baada ya kila matabaka mawili, acha kazi ikauke kabisa, pengine siku nzima, mahali penye kivuli na upepo. Jua kali hulipinda, na unyevu ukifungiwa ndani huleta kuvu. Endelea hadi matabaka manane.

Likikauka, litoe polepole, nyoosha mdomo kwa makasi, kisha uuzungushie vipande vyenye gundi ili usichanike. Likikauka tena, lisugue kwa msasa.

Rangi na vanishi

Anza na rangi nyeupe mara mbili, ndani na nje, ndipo rangi nyingine zing'ae. Chora upendavyo: maua, samaki, au michoro ya kanga. Soma mkebe na uchague rangi isiyo na madini ya risasi, hasa ikiwa watoto watashiriki.

Hatimaye paka vanishi mara tatu, ukisubiri kila mara ikauke. Usisahau chini ya bakuli. Gundi ni unga, na mende na panya wanaujua unga. Pakiachwa wazi hata padogo, wataanzia hapo. Fungua madirisha wakati wa kupaka, na usikaribie jiko lenye moto.

Bakuli hili litakaa miaka mingi likiwekwa mahali pakavu. Litie funguo, shanga au matunda yenye maganda. Chakula kilichopikwa usikitie, wala usilioshe. Lipanguse kwa kitambaa kikavu.

Ukitaka kuuza, tengeneza kwanza matatu na uyaweke nyumbani mwezi mzima. Lile litakalopinda au kuota kuvu litakuonyesha hatua uliyoiharakisha. Mwenda pole hajikwai.