Hesabu ya viti iliyomng'oa Brown

UCHAGUZI mkuu wa Uingereza wa Mei 6, 2010 uliisha bila chama chenye uwezo wa kuunda serikali peke yake. Bunge lina viti 650, hivyo wingi huanzia 326. Conservative cha David Cameron kilipata 306, Labour cha Waziri Mkuu Gordon Brown 258 na Liberal Democrats cha Nick Clegg 57.

Hesabu hiyo haihitaji mhasibu. Labour na Liberal wakichanga walifikisha 315 tu, na wangelazimika kubembeleza vyama vidogo kila mswada. Conservative na Liberal walifikisha 363.

Mazungumzo yalichukua siku tano, na pauni ikayumba. Mkulima wa maua wa Naivasha anayelipwa kwa pauni anajua maana yake: ikishuka, shehena ile ile humletea shilingi chache. Mei 11 Brown akajiuzulu, Cameron akashika serikali na Clegg akawa naibu wake.

Mbia mdogo ndiye aliyeumia. Wagombea wa Liberal walikuwa wametia saini ahadi ya kupinga nyongeza ya karo za vyuo vikuu. Desemba 2010, serikali waliyomo ikapitisha karo ya hadi pauni 9,000 kwa mwaka nchini England. Wapiga kura hawakusahau. Mwaka 2015 Liberal walirudi bungeni na viti 8, huku Conservative kikipata wingi bila kumhitaji mbia yeyote.