Kibao cha Maili 70

Paukwa! Pakawa. Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea: ndivyo tulivyozoea. Leo, wajukuu zangu, utamu na ukolee, lakini uongo ubaki nje ya mlango. Watu wa hadithi hii waliishi kweli, na hesabu zake mtazikagua wenyewe kwa penseli.

Nchini Uingereza, tarehe 2 Novemba 1959, waziri wa uchukuzi Ernest Marples alifungua barabara iliyoitwa M1. Ilianzia karibu na London ikaelekea kaskazini hadi jirani na mji wa Rugby. Haikuwa na makutano ya taa wala mizunguko. Watembea kwa miguu na baiskeli walipigwa marufuku. Katikati, kati ya wanaokwenda na wanaorudi, palikuwa na ukanda wa ardhi mtupu usio na kizuizi cha chuma. Na kikomo cha mwendo? Hakikuwepo. Dereva alikanyaga mafuta mpaka mguu uchoke, au mpaka injini ichemke, na nyingi zilichemka kweli. Marples mwenyewe alishtuka siku ile ile ya ufunguzi alipoona magari yanavyokimbia.

Mwaka 1964, kampuni ya magari ya AC ilikuwa ikijiandaa kwa mbio za Le Mans kule Ufaransa. Alfajiri moja ya mwezi Juni wakapeleka gari lao la mashindano M1 kulijaribu. Dereva Jack Sears akalikimbiza hadi maili 185 kwa saa, karibu kilomita 298. Hakuvunja sheria, maana hapakuwa na sheria ya kuvunja. Magazeti yakapiga kelele, na hadi leo wapo wanaosimulia kwamba Sears ndiye aliyewaponza Waingereza wote wakawekewa kikomo.

Aliyewaponza hasa ni ukungu. Mwishoni mwa 1965 ukungu mzito ulitanda juu ya M1 na barabara nyingine mpya za aina yake, na madereva wakaendelea kukimbia kana kwamba wanaona. Gari moja likigonga, la pili lilivamia la kwanza, la tatu likavamia la pili. Waziri wa wakati huo, Tom Fraser, akatoa amri: kuanzia saa 6 mchana, tarehe 22 Desemba 1965, hakuna kuzidi maili 70 kwa saa, yaani takriban kilomita 113. Yalikuwa majaribio ya miezi 4 tu.

Fraser aliondoka wizarani siku hizo hizo, akaingia Barbara Castle. Wenye magari hawakukosa la kusema, kwa sababu mama huyu aliyepewa barabara za nchi nzima hakuwa hata na leseni ya udereva. Lakini alijua kusoma takwimu. Aliongeza muda wa majaribio, akangoja matokeo, na mwaka 1967 akakifanya kikomo kuwa cha kudumu. Mwaka huo huo akawaletea walevi kipimo cha pumzi, na kwenye vilabu vya pombe jina lake halikutajwa kwa upole.

Kibao cha 70 kimedumu tangu hapo. Kilishuka hadi 50 Desemba 1973, mafuta yalipoadimika duniani, kisha Machi 1974 kikarudi palepale. Mwaka 2011 waziri mwingine, Philip Hammond, akataka kipandishwe hadi maili 80, karibu kilomita 129. Baada ya mjadala wa miaka miwili hivi, mpango ukawekwa kando. Ila hoja yake haikufa. Kila baada ya muda hufufuliwa, kwa hiyo inafaa tuisikilize kwa haki.

Wanaotaka kupandisha husema hivi. Gari la 1965 lilikuwa na breki dhaifu na matairi membamba, na mikanda ya usalama ilikuwa nadra. Gari la leo lina breki zisizoteleza na mifuko ya hewa. Husema pia kwamba barabara za aina ya M1 ndizo salama kuliko nyingine nchini mwao, na hilo ni kweli: hakuna mtoto anayevuka, hakuna anayekata kona mbele yako. Tena, wakati Hammond anazungumza, karibu nusu ya wenye magari madogo walikuwa wakizidi 70 barabara ikiwa wazi. Sheria inayovunjwa na nusu ya watu, wanauliza, ina maana gani?

Sasa toeni penseli.

Gari la maili 70 kwa saa hupita mita 31 kila sekunde. Kitabu cha sheria za barabarani cha Uingereza kinasema kwamba tangu dereva aone hatari mpaka mguu wake ufike kwenye breki, gari limeshakula mita 21. Breki nazo zinahitaji mita 75. Jumla, mita 96. Ukifuata kanuni ile ile kwa maili 80, unapata mita 122. Tofauti ni mita 26.

Tuseme magari mawili yanakwenda sambamba, la kwanza kwa 70, la pili kwa 80. Lori limepinduka mbele yao, mita 96 kamili. Madereva wote wawili wanaliona kwa wakati mmoja na wanakanyaga breki kwa nguvu ile ile. La kwanza linasimama, pua yake ikikaribia kugusa lori. La pili je? Najua kuna atakayejibu haraka, "Litagonga kidogo tu, babu." Hesabu inakataa. La pili linafika pale kwenye lori likiwa bado na kilomita 66 kwa saa.

Sababu ni hii. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ya gari huongezeka mara nne. Kutoka 70 hadi 80 mwendo umeongezeka kwa moja ya saba tu, lakini nishati imepanda kwa karibu asilimia 31. Breki huondoa nishati hiyo kwa kiasi kile kile kila mita, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwendo huisha katika mita za mwisho kabisa. Atakayenyimwa mita hizo za mwisho hagongi polepole.

Mjanja atasema breki za leo ni bora kuliko za kitabu. Sawa, lakini zimeyafupishia njia magari yote mawili. La 80 litasimama mbele zaidi ya la 70 vilevile. Na dereva hakubadilishwa kiwandani. Macho yake, usingizi wake na simu yake mfukoni amekuja navyo garini. Tena malori makubwa ya Uingereza yamefungwa vidhibiti vinavyoyazuia kwenye maili 56. Ukipandisha wenye magari madogo, pengo la mwendo kati yao na lori lililo mbele linazidi kupanuka.

Tunapata nini kwa gharama hiyo? Safari ya kilomita 100 huchukua dakika 53 kwa maili 70, na dakika 47 kwa maili 80. Mnaokoa dakika zisizofika 7, tena barabara ikiwa nyeupe mwanzo hadi mwisho.

Wamarekani walijaribu njia hii ya kupandisha kikomo. Uhaba ule ule wa mafuta uliwafanya mwaka 1974 waweke kikomo cha maili 55 nchi nzima. Mwaka 1995 sheria hiyo ikafutwa, kila jimbo likajiamulia, na majimbo mengi yakapandisha. Watafiti waliochunguza miaka 10 iliyofuata walikadiria kwamba upandishaji huo ulichangia vifo zaidi ya 12,000.

Msije mkachukua namba za M1 mkazibandika huku kwetu. Kenya gari dogo huruhusiwa hadi kilomita 110 kwenye barabara kuu ya njia mbili, na matatu na mabasi huishia 80. Tanzania, ukiingia kwenye makazi, kibao kinakuambia 50, na trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo anakungoja chini ya mwembe. Barabara kuu zetu hupita mlangoni mwa shule na katikati ya soko, na mwanafunzi huvuka kwa miguu. Anayesema "Mbona Ulaya wanakimbia?" amesimulia nusu ya hadithi: kule waliwaondoa kwanza waenda kwa miguu, ndipo wakafungulia mwendo, na bado wakalazimika kuuwekea kikomo.

Na ile nusu ya madereva inayovunja sheria? Wengi wao husoma namba ya kibao kisha hujiongezea kidogo. Weka 80, nao wataanza kujiongezea kutoka 80.

Uamuzi wangu, basi: kibao cha 70 kibaki. Ninyi msiukubali kwa sababu ya mvi zangu. Fanyeni hesabu hiyo hiyo kwa kilomita 100 na 120, tafuteni mita zinazoongezeka na dakika zinazookolewa, kisha mwulizeni mjomba anayependa kukimbia: dakika hizo anazipeleka wapi, na mita hizo anamnyang'anya nani?