Tumbawe Ndani ya Taya

Ukiipita mikoko ya Gazi, pwani ya kusini mwa Kenya, kisha majani ya bahari, unafika kwenye miamba ya matumbawe. Mafundi wa mwambao wanalijua tumbawe tangu enzi: lile la jamii ya Porites, likikatwa bichi, ni laini na huchongeka, ndiyo maana likatiwa nakshi kwenye mihrabu ya misikiti ya kale. Madaktari wa meno nao wamelitumia, kujazia mfupa wa taya ulioliwa na ugonjwa wa fizi.

Mwaka 1974, Della Roy na Linnehan wa Marekani walionyesha kwamba tumbawe likipikwa kwa joto na mgandamizo mkubwa pamoja na fosfeti, chokaa yake hugeuka haidroksiapatiti, madini ya aina ileile iliyomo kwenye mfupa na meno. Vitundu vyake havibadiliki, na manufaa yako hapo. Vya Porites vina upana wa kama maikromita 200, moja ya tano ya milimita, tena vimeungana. Mishipa ya damu na seli za mfupa hupenya humo.

Mfupa huanza kupotea ukoga unapoachwa ukakaa kwenye shina la jino. Bakteria huchokoza ufizi, na mwili ukipambana nao huyeyusha mfupa wake wenyewe. Lakini si kila ufizi unaotoka damu hufikia hapo. Baelum, Fejerskov na Manji walichunguza watu wazima Machakos, na mwaka 1988 wakaandika kwamba fizi kuvimba si lazima kuishie kwenye meno kung'oka. Habari hiyo ya Kenya ilistahili kusikika zaidi.

Kwa mfupa ulioliwa, kujaza shimo lake peke yake hakutoshi. Ngozi ya ufizi hukua haraka kuliko mfupa. Baada ya upasuaji huteremka kando ya mzizi na kuziba nafasi kabla nyuzi zinazoshika jino hazijaota. Mwaka 1982, Nyman na wenzake huko Sweden waliweka utando kati ya ufizi na mzizi wa jino la mgonjwa mmoja, kama uzio unaozuia mbuzi wasiingie kwenye miche. Miezi mitatu baadaye, nyuzi mpya zilikuwa zimejishika kwenye mzizi.

Njia hii ya kijazio na utando hufaulu zaidi pale shimo la mfupa lilipo jembamba na lenye kuta. Sigara na kisukari kisichodhibitiwa hupunguza matumaini. Na kwa kuwa baadhi ya dawa za kuotesha upya mfupa hutokana na meno machanga ya nguruwe, nyingine na mifupa ya ng'ombe, Mwislamu wa Gazi au Msambweni ana haki ya kumuuliza daktari asili ya dawa kabla ya ganzi. Ziko pia za kutengenezwa kiwandani, zisizomgharimu mnyama wala mwamba.

Mfupa ulioshuka sawasawa taya nzima ni vigumu sana kuurudisha. Hapo kazi ni kuulinda uliobaki: kukwangua ukoga mgumu chini ya ufizi, na kurudi kukaguliwa kila baada ya miezi michache.