Mwarobaini unatibu upele kweli? Sayansi inampa bibi nusu ya alama

Mtoto anajikuna usiku kucha. Vipele vimejaa katikati ya vidole, kwenye viwiko na kiunoni. Mko Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na kabla hujavaa hata ndala kwenda duka la dawa, bibi ameshatwanga majani ya mwarobaini. Umzuie?

Usimkatize haraka hivyo. Mwaka 1992 ulichapishwa utafiti wa India ambapo wagonjwa 814 wa upele walipakwa mwarobaini uliosagwa pamoja na binzari ya manjano. Asilimia 97 walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Si mchezo. Shida ni kwamba hakukuwa na kundi jingine la kulinganisha nalo, kwa hiyo huwezi kusema mwarobaini unaishinda BBE, ile dawa nyeupe ya kupaka inayouzwa madukani.

Na hata ukitumia BBE, kuna kosa linalorudisha upele kila mara: kumpaka mtoto mmoja tu. Upele unaletwa na kidudu kidogo sana kinachochimba ngozi na kutaga mayai humo. Aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 2 hadi 6 bila kuwashwa, huku anawaambukiza anaolala nao. Nyumba nzima ipakwe siku moja. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto, yaanikwe juani.

Mapunye ni habari nyingine, na hapa ndipo wengi tunadanganyika na zile taarifa za "majani fulani yanaua fangasi". Maabara, mtafiti anaweka maji ya majani kwenye kisahani chenye fangasi, fangasi wanakufa. Sawa. Lakini kichwani mwa mtoto fangasi hawakai juu juu, wameingia ndani ya unywele wenyewe. Dawa ya kupaka, iwe ya majani au ya dukani, haifiki huko vizuri. Ndiyo maana hospitali hutoa vidonge kama griseofulvin, tena kwa wiki kadhaa. Mama anayesugua majani mwezi mzima si mzembe, dawa yake tu haifiki ugonjwa ulipo.

Kwa vidonda, asali ndiyo imefanya vizuri. Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, mwaka 2015 ulikuta inaponya majeraha ya moto yasiyoingia ndani sana haraka kuliko baadhi ya tiba za kawaida. Ila asali ya hospitali husafishwa kwanza kuua vijidudu. Ya chupa ya sokoni hujui imechanganywa na nini. Shubiri (aloe vera), pamoja na sifa zake zote, bado ushahidi wake kwenye vidonda ni mdogo.

Viwili vya kuacha kabisa: kufunga kitunguu saumu kibichi kwenye ngozi, kwa sababu kinaunguza, na kumnywesha mtoto mafuta ya mwarobaini, ambayo yameshawahi kuwa sumu kwa watoto wachanga.

Kwa nini tusisubiri tu? Kwa sababu ngozi iliyokunwa huingiza bakteria, na baadhi yao wanaweza kusababisha ugonjwa wa figo wiki chache baadaye. Mtoto akivimba uso au miguu, au akikojoa mkojo wa rangi ya soda nyeusi, hapo majani hayahusiki tena. Vivyo hivyo akiwa na homa, usaha, au wekundu unaosambaa.

Maduka ya dawa muhimu, ambayo mpango wake ulianzia mkoa huu huu wa Ruvuma mwaka 2003, yanaweza kukusaidia kwa upele wa kawaida. Kwa dalili hizo nyingine, nenda Hospitali ya St. Anne's hapo hapo Liuli. Na ukifika usione aibu: mwambie mhudumu umempaka mtoto nini, na tangu lini.