Bei Halisi ya Kipakiti cha Mia Tatu

"Mangi, nipe sabuni ya unga ya mia tatu."

"Ipi?"

"Ileile ya siku zote."

Mazungumzo ya namna hii husikika kila jioni kwenye maduka ya mitaani Dar es Salaam. Mnunuzi hakutaja uzito, alitaja pesa aliyonayo mkononi. Hakuuliza ubora wala hakulinganisha bei, kwa sababu chaguo lake lilishafanyika zamani. Mambo hayo mawili, sarafu na mazoea, ndiyo yanayoendesha biashara ya vile vipakiti vinavyoning'inia juu ya kaunta kama pazia: sabuni, majani ya chai, kahawa, maziwa ya unga, mafuta ya nywele.

Kuuza kidogo kidogo si jambo jipya kwetu. Tangu zamani mwenye duka alipima: mafuta ya kula kutoka kwenye dumu, mafuta ya taa kwa koroboi, sukari kutoka kwenye gunia na kufungwa kwenye karatasi. Aliyeaminiwa wakati huo alikuwa yeye, pamoja na mizani yake na usafi wa dumu lake. Kipakiti kilichofungwa kiwandani kimeihamisha imani hiyo. Mwenye duka sasa anakabidhi tu, na anayeaminiwa ni jina lililochapwa kwenye plastiki.

Mfano maarufu wa biashara hii ni wa India. Mwaka 1983 C.K. Ranganathan alianzisha kampuni yake huko Cuddalore, jimbo la Tamil Nadu, akiuza shampuu ya Chik kwa vipakiti. Watu ambao hawakuwahi kumudu chupa nzima waliweza kununua ya kuogea mara moja. Kampuni kubwa za kimataifa nazo ziliingia kwenye mkondo huo, na mwaka 2004 profesa wa biashara C.K. Prahalad akatoa kitabu kilichozieleza kuwa watu wa kipato cha chini, wakihesabiwa kwa wingi wao, ni soko lenye faida.

Kwa nini jina liwe na nguvu kiasi hicho? Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa nyanya au samaki methali hiyo inafanya kazi, maana unaminya, unanusa, unatazama jicho la samaki. Kwa unga uliofungwa kwenye plastiki huna cha kuminya. Mwanauchumi George Akerlof alilieleza tatizo hili mwaka 1970: pale muuzaji anapojua ubora wa bidhaa na mnunuzi hajui, bidhaa mbovu zinaweza kuzifukuza nzuri sokoni. Miongoni mwa dawa alizozitaja ni jina la biashara, kwa kuwa mwenye jina ana cha kupoteza ukidanganyika: hutarudi tena. Kwa hiyo anayeng'ang'ania "ileile" si lazima awe amerogwa na matangazo. Mwenye mia tatu ya sabuni leo hana mia tatu nyingine ya kubahatisha. Sabuni isipotoa povu, nguo za shule hazifuliki.

Sasa tuangalie gharama yake. Tuchukulie kipakiti cha gramu 40 kinauzwa shilingi 300, na mfuko wa kilo moja wa sabuni hiyohiyo ni shilingi 6,000. Kilo moja ina vipakiti 25, yaani shilingi 7,500. Mwenye kununua kidogo kidogo amelipa 1,500 zaidi kwa sabuni ileile, nyongeza ya asilimia 25. Ikiwa kilo hiyo ni ya matumizi ya mwezi, aliyetoa 6,000 kwa mkupuo ameokoa 1,500 ndani ya mwezi mmoja. Hakuna akaunti ya akiba itakayompa faida ya namna hiyo.

Hapo ndipo wengi huwalaumu maskini kuwa hawajui hesabu. Lawama hiyo haina msingi. Mwaka 2019 watafiti A. Yeşim Orhun na Mike Palazzolo walichapisha utafiti kuhusu ununuzi wa karatasi za chooni katika kaya za Marekani. Waliichagua bidhaa hiyo kwa sababu haiozi na mtu haitumii zaidi eti kwa kuwa ipo nyingi ndani. Waligundua kwamba kaya za kipato cha chini zilishindwa kunufaika na punguzo la pakiti kubwa na la msimu wa ofa. Mfukoni kulipokuwa na pesa, pengo lilipungua. Kilichokosekana ni fedha ya kutanguliza, akili ilikuwepo.

Mama lishe na dereva wa bodaboda wanalijua hili bila utafiti. Pesa yao huingia kwa siku, nayo hutoka kwa siku. Ukifungia 6,000 kwenye sabuni, kesho mtoto akiugua huwezi kulipia dawa kwa gramu 800 zilizobaki. Tena kipakiti kinadhibiti mkono: kitu kikiwa kingi, hutumika kingi, na jirani anayepiga hodi kuomba "kidogo tu" haombi kutoka kwenye kipakiti kilichokwisha. Sehemu ya ile 1,500 ni malipo ya uhuru wa kuamua upya kila asubuhi.

Lakini kampuni nazo zinaijua saikolojia ya sarafu. Bei ya mia mbili au mia tano hukaa kichwani mwa mteja, na kuipandisha kwa hamsini huleta manung'uniko pamoja na shida ya chenji. Njia nyepesi ni kuiacha bei palepale na kupunguza gramu. Kipakiti kinabaki na rangi zake na upana wake. Kinachobadilika ni tarakimu ndogo iliyochapwa pembeni. Si kosa kisheria, alimradi uzito ulioandikwa ndio uliomo, jambo ambalo Wakala wa Vipimo huwa na kazi ya kulikagua. Ila mteja anayekumbuka bei na kusahau gramu hatajua kuwa bidhaa imepanda.

Na ufungashaji huohuo unaorahisisha kununua sabuni hurahisisha pia kununua madhara. Viroba vya pombe kali vilifika mpaka kwenye mikono ya wanafunzi kwa sababu bei yake ilikuwa ya sarafu na vilifichika mfukoni. Tanzania ilivipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017.

Basi mnunuzi afanye nini? Kwanza, agawe bei kwa gramu, simu yoyote ina kikokotoo. Pili, asijaribu kubadilisha manunuzi yote kwa pamoja. Achague bidhaa moja isiyoharibika na isiyotumika zaidi kwa kuwa ipo, kama chumvi, akusanye mtaji wa pakiti moja kubwa, na kile anachookoa kiwe mtaji wa bidhaa ya pili. Wenye upatu wanaweza kununua katoni kwa bei ya jumla na kugawana. Tatu, jina jipya alijaribu kwa kipakiti kabla ya kununua kilo. Hapo ndipo udogo una faida isiyo na ubishi.

Serikali nayo ina la kufanya. Umoja wa Ulaya una sheria ya mwaka 1998 inayotaka bei ya bidhaa ionyeshwe pamoja na bei yake kwa kilo au lita. Duka la Mangi haliwezi kubebeshwa mzigo huo, lakini supamaketi zetu zinaweza, kwa kuwa bei zake tayari zimechapwa kwenye rafu. Hapo mteja ataendelea kuchagua ileile akipenda, huku akijua anailipia kiasi gani.